Mayai 96, vifaranga 41. Vifaranga 35 wamefia ndani ya ganda wakiwa wamekamilika. Tatizo ni nini?

#1 Mzawa wa Ludewa
Wakuu, habari za jioni.

Niko Njombe mjini, nafuga kuku wa kienyeji, huu mwaka wa tatu. Fundi mmoja wa hapa alinitengenezea mashine ya kutotoleshea: boksi la kuta mbili za plaiwudi, katikati maranda ya kuzuia baridi, balbu mbili za wati 60, feni ndogo ya kompyuta na kidhibiti joto chenye namba nyekundu. Ina trei mbili, ya juu na ya chini. Mayai nageuza kwa mkono.

Niliweka mayai 96. 60 niliagiza Singida yakaja na basi, 36 nilichukua kwa jirani yangu. Joto 37.5. Maji bakuli moja chini. Nikageuza asubuhi, mchana na usiku mpaka siku ya 18.

Wametoka 41. Mayai 13 hayakuwa na kitu, 7 yalikuwa na duara la damu, yaani vilikufa mapema. Yaliyobaki 35, nimevunja baadhi, ndani kuna kifaranga kamili: manyoya, kucha, mpaka kile kipembe cheupe juu ya mdomo cha kutobolea ganda. Jioni ukiweka sikio unamsikia analia humo ndani, asubuhi kimya. Imeniuma sana. Nimekosea wapi?

#2 Bi Tausi
Pole mwanangu. Hapo ni maji. Bakuli moja kwa mayai 96 halitoshi hata kidogo. Siku 18 za mwanzo unyevu wa hewa uwe asilimia 50 hadi 55, tatu za mwisho upande 65 hadi 70. Ukiwa pungufu, utando wa ndani unakauka unamshika kifaranga kama karatasi ya gundi, hawezi kujizungusha akavunja ganda. Mimi niko Tanga, hewa yetu nzito, lakini hata hivyo siku ya 18 naongeza.

#3 Jogoo la Shamba
Kabla hatujamhukumu kwa maji, aseme walianza kutoka siku ya ngapi. Wakiwahi, siku ya 19 au 20, joto lilizidi. Wakichelewa, joto lilikuwa pungufu. Siku ya kutoka inasema mengi kuliko namba za kwenye kioo cha mashine.

#4 Kiranja wa Banda
Nakubaliana na namba 3. Na mimi nina maswali. Mayai ya Singida yalikuwa na umri gani ulipoyaweka? Yalikaa trei ipi, na ya jirani trei ipi? Umeme ulikatika? Na hao uliowavunja, walikuwa wakavu au na majimaji? Kiini kilikuwa kimeingia tumboni au bado kiko nje? Ganda limekupa majibu yote, ni wewe kuyasoma tu.

#5 Mzawa wa Ludewa
Asanteni wakuu.

Namba 3: wa kwanza katoka siku ya 21 saa 3 usiku. Wa mwisho siku ya 23 mchana.

Namba 4: ya Singida niliyaweka trei ya juu, ya jirani trei ya chini. Umri wa ya Singida muuzaji alisema siku tatu, jumlisha siku moja ya safari na moja nyumbani kabla sijayaweka. Umeme ulikatika siku ya 16 kwa muda wa saa kama tano hivi, nikafunika mashine kwa blanketi. Niliowavunja wako wa aina mbili. Wengine wakavu, utando umewabana. Wengine wana majimaji na kile kiini cha njano bado kinaning'inia nje ya tumbo kama kibofu.

Kwa hesabu: ya Singida 60, matupu 9, damu 5, wametoka 22, wamefia ndani 24. Ya jirani 36, matupu 4, damu 2, wametoka 19, wamefia ndani 11.

#6 Jogoo la Shamba
Basi joto lilikuwa chini. Siku ya 21 usiku hadi 23 ni kuchelewa, na kiini kutoingia tumboni ni dalili ile ile. Hiyo 37.5 unayoiona kwenye kioo si 37.5.

#7 Bi Tausi
Na wale wakavu je, Jogoo? Joto la chini halikaushi utando.

#8 Mzee wa Ilongero
Naona watu wanainyooshea Singida kidole kabla sijafika. Mayai yetu hayana shida. Kuku wa huku anatembea, anakula wadudu, jogoo ana nguvu. Matupu 9 kati ya 60 ni kidogo mno kwa mayai yaliyosafiri, maana yake mbegu ilikuwa nzuri. Shida ni basi. Mayai yakishafika yapumzishwe kwanza, ncha nyembamba chini, masaa 12 hadi 24 ndipo yaingie kwenye mashine, yatulie. Njiani yanatikiswa, kile chumba cha hewa upande mpana kinalegea. Kifaranga siku ya 20 anapachika mdomo wake humo kuvuta pumzi ya kwanza. Kikiwa kimelegea au yai limewekwa kichwa chini, anakosa pa kupumulia.

Uliyaweka ncha ipi juu?

#9 Mzawa wa Ludewa
Mzee shikamoo. Yalipumzika usiku mmoja. Ncha nyembamba niliiweka chini, ila nikiri mayai mengine ya kienyeji ni duara kabisa, ncha mbili zinafanana. Hayo nilikisia.

#10 Mzee wa Ilongero
Marahaba. Usikisie. Piga tochi gizani, utaona kivuli cha chumba cha hewa. Upande huo ndio juu.

#11 Nakuru Kuku
Salamu kutoka Nakuru. Mimi nilipitia hayo hayo. Kiangulio changu ni cha mayai 264, nilipata vifaranga wengi kufia kwa ganda miezi minne mfululizo, nikabadilisha maji, nikabadilisha mayai, wapi. Siku moja nikaamua kuweka kipima joto kingine juu na kingine chini. Juu 37.9, chini 36.6. Feni ilikuwa inapuliza pembeni tu, hewa haizunguki. Nilipoisogeza ikawa sawa pande zote. Sasa kati ya mayai 100 yenye uhai siku ya 18, natoa 85, wakati mwingine 90.

Wewe uliweka Singida juu, jirani chini. Hapo huwezi kusema ni mayai au ni trei. Ungechanganya.

#12 Kiranja wa Banda
Hilo la Nakuru ni la maana sana. Chukua waliokuwa hai siku ya 18: Singida 46, wametoka 22, hawafiki nusu. Jirani 30, wametoka 19, karibu theluthi mbili. Tofauti ipo, lakini inaweza kuwa ya trei, ya mayai, au ya safari. Mzawa, mkupuo ujao andika kila yai kwa penseli, S na J, nusu juu nusu chini. Kalamu ya wino usitumie, ganda linapumua.

#13 Mwalimu wa Biolojia
Wakuu, hamjataja mwinuko. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, oksijeni kwa kila pumzi ni pungufu, na maji hutoka kwenye yai kwa kasi zaidi kupitia vitundu vya ganda. Kuku aliyezoea kuishi juu hutaga yai ambalo ganda lake linapitisha hewa kidogo, kwa hiyo halikauki haraka. Yai la kuku wa bondeni likipandishwa mlimani linapoteza maji kupita kiasi. Jirani wa Njombe kapata nafuu, Singida kaumia. Mimi naona ndilo jibu.

#14 Mzee wa Ilongero
Mwalimu, Singida nayo si pwani. Tuko mita 1,500 hivi. Ungesema mayai ya Tanga ningekuelewa.

#15 Mwalimu wa Biolojia
Kweli mzee, nakubali, nilidhani iko chini zaidi. Lakini mita 500 bado ni tofauti.

#16 Nakuru Kuku
Na Nakuru iko mita 1,850, mayai nachukua Kisumu mita 1,100 na ushee. Natoa 85. Mwinuko unachangia, ila si hukumu ya kifo.

#17 Kifaranga wa Juzi
Naomba kuuliza pembeni, samahani. Mimi mgeni. Mayai ya dukani yale ya trei yanatotoa?

#18 Jogoo la Shamba
Yale ya kuku wa mayai wa kisasa, hapana. Hawana jogoo bandani, yai halina mbegu. Utaatamisha mpaka yawe viza. Tafuta banda lenye jogoo mmoja kwa mitetea kama 10.

#19 Bi Tausi
Na usiyaoshe, Kifaranga. Yai lina utando mwembamba juu ya ganda unaozuia uchafu kuingia. Lenye kinyesi liache, kula, lisiingie kwenye mashine. Na usiyaweke zaidi ya siku saba kabla ya kutotolesha, mahali pa ubaridi, si kwenye friji.

#20 Mbeya Green
Kabla Mzawa hajakimbilia kupima kipima joto chake, ngoja nimwambie yaliyonikuta mimi ili asirudie. Nilikuwa na kipima joto cha maabara, kile kirefu cha kioo. Nikasoma mahali kwamba maji yakichemka ni nyuzi 100, nikakitumbukiza kwenye sufuria inayotokota. Kikasoma 94. Nikaamini kinasoma pungufu kwa nyuzi 6. Nikaishusha mashine mpaka kisome 31.5, nikijua kweli ni 37.5. Siku ya 21 nikavunja mayai 120. Viini kama nilivyoviweka, vichache vina kadoa ka damu.

Kipima joto kilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mbeya tuko mita 1,700, maji yanachemkia kwenye 94. Mayai 120 nimeyaua kwa kuamini sufuria.

Tumia barafu. Ponda, changanya na maji kidogo, koroga, subiri. Hapo ni sifuri, uwe Mbeya uwe Mombasa.

#21 Kiranja wa Banda
Mbeya, pole sana, na asante, hili litaokoa mayai ya wengi. Niongeze: kosa kwenye sifuri si lazima liwe kosa lile lile kwenye 37. Chukua kipima joto cha homa, cha kwapani, kimetengenezwa kwa ajili ya nyuzi hizo hizo. Weka maji ya vuguvugu kwenye chupa ya chai, tumbukiza kihisio cha mashine na hicho cha homa pamoja, linganisha.

#22 Mtetea wa Kibaha
Jamani, mashine hizi zinatutia presha bure. Mimi nina mitetea sita. Wa kwanza akianza kulalia simpi mayai ya kutotoa, nampa ya kumshikia zamu tu. Wakifika watatu au wanne, usiku mmoja nawawekea wote mayai mazuri, 12 hadi 14 kila mmoja. Siku ya 21 wanatoka wote pamoja. Vifaranga nawakusanya usiku chini ya mtetea mmoja au wawili, waliobaki wanarudi kutaga. Sijui bei ya balbu wala unyevu asilimia ngapi. Kuku anajua.

#23 Jogoo la Shamba
Kuku anajua, ila mitetea minne inakupa mayai 50. Mwenye oda ya vifaranga 200 atafanyaje?

#24 Mtetea wa Kibaha
Oda ya 200, na Mzawa hapa amepata 41. Mimi kwenye 50 napata 40 na zaidi, na malezi bure.

#25 Mzawa wa Ludewa
Hahaha, Mtetea umenipata hapo. Mitetea ninayo saba, lakini wa Njombe mwezi wa sita na wa saba hawalalii vizuri. Baridi.

#26 Bi Tausi
Mtetea wa Kibaha, angalia utitiri. Mtetea akilalia penye utitiri anaacha mayai siku ya 15. Majivu chini ya nyasi, mwaga ya kutosha. Bibi yangu alikuwa anaweka na kipande cha mkaa na msumari kwenye kiota, ati radi ikipiga mayai yasiharibike.

#27 Mzee wa Ilongero
Kwetu pia mkaa. Na radi ya masika naijua, kuna mwaka ilipiga karibu na zizi, kuku watatu hawakutotoa hata yai moja.

#28 Mwalimu wa Biolojia
Mzee, kwa heshima yote, radi ile ilikuja na mvua. Kiota kilichoroa na mtetea aliyekimbia kwa woga usiku mzima vinatosha kuua mayai. Msumari hauzuii hayo.

#29 Mzee wa Ilongero
Mwalimu, wewe hukuwepo. Kiota kilikuwa ndani ya nyumba.

#30 Afisa Ugani Mstaafu
Nimefuatilia kwa siku mbili. Mengi mmesema vizuri. Nitasema ambayo hayajasemwa.

Kwanza, hewa. Kifaranga wa siku ya 18 kwenda mbele anahitaji oksijeni nyingi kuliko wakati wowote. Mzawa, boksi lako lina matundu mangapi na yako wazi?

Pili, chakula cha wazazi. Kifaranga anajengwa kwa alichokula mama. Mitetea ikila pumba tupu na kukosa vitamini za kundi B, hasa B2, viinitete hufa katikati na mwishoni ingawa mashine yako ni safi kabisa. Kuna mkulima nilimtembelea, alibadilisha mashine mara mbili. Dawa ilikuwa majani mabichi na dagaa kwenye chakula cha wazazi, na baada ya wiki tatu mayai ya mitetea ile ile yakaanza kutotoa.

Tatu, jogoo wa ukoo mmoja. Kijijini jogoo anapanda mama, dada na binti zake miaka minne. Ukiona mbegu ipo lakini vifaranga wanakuwa dhaifu wa kutoboa ganda, badilisha jogoo.

Umeme wa saa tano siku ya 16 usiusingizie sana. Kifaranga wa umri huo ana joto lake mwenyewe. Utamchelewesha tu.

#31 Nakuru Kuku
Hapo pa stima namuunga mkono. Zilipotea kwangu kwa muda wa saa nane siku ya 17. Nikajaza maji moto kwa chupa za plastiki, nikaziweka pembeni mwa trei. Walitoka siku ya 22, wengi tu.

#32 Mzawa wa Ludewa
Afisa, matundu yapo manne, mawili juu mawili chini. Lakini usiku hapa joto linashuka sana, nikayaziba mawili ya juu kwa kitambaa tangu siku ya 10 hivi ili balbu zisifanye kazi kupita kiasi. Nadhani hapo nimejua.

#33 Afisa Ugani Mstaafu
Fungua. Balbu ikizidiwa ongeza balbu, usipunguze hewa.

#34 Bi Tausi
Na hewa ya baridi ya Njombe ikiingia na kupashwa mpaka 37 inakuwa kavu mno. Kwa hiyo ukifungua matundu, maji nayo uongeze. Tena si kina cha bakuli, ni upana. Sinia pana lenye maji ya vidole viwili linashinda ndoo.

#35 Jogoo la Shamba
Sasa tuna joto, maji, hewa, basi, trei, mwinuko, chakula, ukoo na radi. Mzawa, umefungua mashine mara ngapi siku ya 20 na 21?

#36 Mzawa wa Ludewa
Nilikuwa nafungua kila baada ya saa mbili. Kila nikimsikia analia natamani kumsaidia. Nilimenya maganda ya kama kumi. Sita walitoka damu wakafa.

#37 Bi Tausi
Mwanangu! Ukiona amekwisha toboa kitundu, muache. Anaweza kukaa hapo saa 12 mpaka 24 kabla ya kuzunguka. Wakati huo mishipa ya damu ya kwenye utando inakauka na kiini kinaingia tumboni. Ukimenya mapema unakata mishipa iliyo hai. Na kila ukifungua mlango unyevu unatoka wote, utando wa wenzake ambao tayari wana kitundu unakauka hapo hapo.

#38 Kiranja wa Banda
Wala usiogope njaa. Kiini kinamtosha siku mbili tatu bila chakula. Waache mpaka wakauke manyoya.

#39 Kifaranga wa Juzi
Ni kweli yai refu linatoa jogoo na la duara linatoa tembe? Nataka tembe tu.

#40 Mtetea wa Kibaha
Mama yangu anachagua hivyo na anapatia.

#41 Mwalimu wa Biolojia
Hapana. Kwa kuku, jinsia ya kifaranga inaamuliwa na mama, yai likiwa bado tumboni kabla ganda halijaumbwa. Umbo la ganda linatokana na njia ya uzazi ya mtetea husika. Mtetea mmoja hutaga mayai ya umbo linalokaribiana, na anatoa majogoo na matembe.

#42 Mtetea wa Kibaha
Mwalimu, njoo Kibaha umwambie mama.

#43 Mzee wa Ilongero
Tukiwa huko kwa akina mama. Bibi yetu hakuwa na kipima joto. Alikuwa anachukua yai chini ya mtetea, analiweka kwenye kope la jicho lililofumbwa. Likiwa la moto sana anasema mtetea ana homa, likiwa baridi anasema amelala nje. Kope ndilo ngozi nyembamba kuliko zote.

#44 Afisa Ugani Mstaafu
Mzee, umenikumbusha jambo kubwa. Wamisri wametotolesha mayai maelfu kwa maelfu kwenye matanuri ya matofali ya udongo, tangu zama za kale. Zamani walichoma kinyesi cha ngamia na mabua, bila umeme, bila kioo cha namba. Mfaransa Réaumur aliandika juu ya matanuri hayo mwaka 1749. Mafundi wengi wa matanuri hayo walitoka kijiji cha Berma na walikuwa wanarithishana ujuzi baba kwa mwana. Na walipimaje joto? Yai kwenye kope, kama bibi yako.

#45 Mzee wa Ilongero
Leo nitalala vizuri.

#46 Mzawa wa Ludewa
Wakuu, nimerudi. Nimeanza upya na mayai 60 tu: 30 ya Singida kwa muuzaji yule yule, 30 ya jirani. Nimeandika S na J kwa penseli, nusu juu nusu chini. Matundu manne yote wazi, balbu ya tatu nimeongeza.

Barafu: kihisio cha mashine kimesoma 0.7. Kwenye maji ya vuguvugu, mashine ikisema 37.5, cha homa kinasema 37.0. Nimepandisha nusu.

Halafu nikachukua mzani wa jikoni. Kabla ya kuweka, S zote 30 gramu 1,335, J zote 30 gramu 1,290. Leo siku ya 7, S gramu 1,247, J gramu 1,222.

#47 Jogoo la Shamba
Nusu nyuzi! Nilisema.

#48 Kiranja wa Banda
Subiri, Jogoo. Tuangalie mzani. Yai linatakiwa kupoteza asilimia 11 hadi 13 ya uzito mpaka siku ya 18. Siku ya 7 iwe 4.7 hivi. S wamepoteza gramu 88, asilimia 6.6. J gramu 68, asilimia 5.3. Kwa mwendo huo S wangefika 17. Wote wanakauka, S zaidi.

#49 Bi Tausi
Maji. Nilisema tangu bandiko la pili.

#50 Mwalimu wa Biolojia
Na S wanakauka kuliko J kwenye mashine moja, trei zote mbili. Ganda la mlimani na ganda la chini ya hapo. Sina la kuongeza.

#51 Afisa Ugani Mstaafu
Mwalimu, inawezekana pia mitetea ya muuzaji yule haipati chokaa ya kutosha, ganda ni jembamba. Mzawa, ukivunja yai tupu la S na la J, likunje ganda kwa vidole uniambie.

#52 Mzee wa Ilongero
Mitetea ya Singida inakula mawe ya chokaa njiani. Mlaumuni muuzaji wenu, msiutupie mkoa lawama.

#53 Mzawa wa Ludewa
Afisa, nimepiga tochi jana usiku. S matupu 4, J matupu 3. Waliobaki mishipa imetanda kama mizizi ya mgomba, katikati doa jeusi linacheza. Mke wangu ameliona kwa mara ya kwanza, akaomba kurudia mayai yote. Nimevunja matupu: la S limekunjika kwa urahisi, la J likapasuka kwa mlio. Lakini ni mayai mawili tu.

Nimeweka sinia mbili pana badala ya bakuli.

#54 Kiranja wa Banda
Usijaze kupita kiasi sasa. Wakizidiwa maji wanavimba, chumba cha hewa kinakuwa kidogo, wanazama wenyewe. Pima tena siku ya 14, ukitoa yale matupu kwenye hesabu.

#55 Kifaranga wa Juzi
Wakitoka mtawachanja nini?

#56 Afisa Ugani Mstaafu
Mareksi siku ya kwanza ikipatikana. Kideri, yaani mdondo, siku ya 7, gumboro siku ya 14. Na ile chanjo ya kideri ya I-2, ya tone la jicho, isiyoharibika haraka na joto, urudie kila miezi mitatu. Mdondo ukiingia hautajali mashine yako ilikuwa na asilimia ngapi.

#57 Nakuru Kuku
Mzawa, mayai ya kanga yanahitaji siku 26 hadi 28. Nina 40 nataka kuchanganya na ya kuku. Niyatangulize ya kanga kwa wiki moja?

#58 Mtetea wa Kibaha
Kanga mpe mtetea, Nakuru. Naomba usinibishie.

#59 Mzawa wa Ludewa
Leo siku ya 18. Uzito siku ya 14 ulirudi kwenye mstari kwa J, S bado wanapoteza zaidi kidogo. Nimeacha kugeuza saa 12 jioni, nimelaza mayai, nimejaza sinia ya tatu. Umeme ulipotea mchana kwa muda wa saa moja ukarudi, chupa za maji ya moto zilikuwa tayari. Mlango nimeufunga kwa kufuli, ufunguo anao mke wangu, na nimemwambia asinipe hata nikimwomba mpaka siku ya 22.